Penalti za Mzee Mstari na Mkwe Wake

Mtu aliyezoea kubishana maisha yake yote hawezi kupumzika mahali penye amani tupu. Mzee Mstari aligundua hilo uzeeni, akiwa ameketi kwenye kiti kizuri kuliko vyote katika nyumba ya mwanawe, mto laini mgongoni, stuli ya miguu mbele yake, na hakuna hata mtu mmoja wa kumwambia kwamba amekosea.

Alikuwa dobi. Jina la Mstari hakupewa na wazazi wake, alipewa na wateja kwa sababu ya ule mstari wa mbele wa suruali, ambao yeye aliunyoosha mpaka watu wakasema ukipita karibu nao utakukata. Chumba chake cha kazi kilibanwa kati ya kinyozi na muuza masufuria, chembamba kama korido. Ndani mlikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu na juu yake shuka lililobadilika rangi likawa kama chai, kopo lililotobolewa matundu la kunyunyizia maji, ndoo ya wanga, na waya mrefu ambapo nguo zilizokwisha kunyooshwa zilining'inia zikiwasubiri wenyewe. Alianza na pasi ya mkaa, ile yenye kijogoo mbele, akaja kwenye pasi ya umeme, na siku umeme ulipokatika alirudi kwenye ya kijogoo bila kinyongo.

Kazi aliipenda, lakini ukikaa naye utagundua kwamba alichokipenda zaidi ni maneno. Mteja akiingia tu, mambo yalianza.

"Mzee, shati langu limepungua."

"Shati halijapungua. Wewe ndiye umeongezeka."

"Na kola umeiunguza."

"Kola imekuja hapa imeungua. Muulize mwenye shingo."

Watabishana weee, mteja atavaa shati palepale ili athibitishe, vifungo vitamgomea, na kinyozi atachungulia mlangoni aone nani kashinda. Kisha mteja ataondoka akicheka, na wiki inayofuata atarudi na furushi kubwa zaidi.

Hata na mkewe, Mungu amrehemu, walipendana kwa mtindo huohuo. Alikuwa akimletea chakula cha mchana kazini, akikiweka mezani mbele ya wateja na kusema, "Kula, kabla sijampelekea mwanamume mwenye shukrani." Naye Mzee, akifunua bakuli, alijibu, "Akipatikana, mwambie aje na kijiko chake." Mkewe alipofariki, Mzee alifungua chumba cha kazi mapema kuliko kawaida, akawasha pasi, akasubiri. Wateja wakaja, wakambishia, wakalalamikia hata nguo ambazo hazikuwa na kasoro yoyote. Ndio waliomvusha.

Baadaye miguu ikaanza kuvimba. Daktari aliibonyeza kwa kidole, shimo likabaki pale lilipo kama kwenye unga uliokandwa, akasema miguu hii imesimama vya kutosha. Mwanawe wa pekee, fundi umeme, akaja na gari la kuazima. Akafunga chumba cha kazi, akambeba baba yake na sanduku lake la nguo. "Sasa zamu yako ya kukaa, Baba," alisema.

Na kweli Mzee alikaa.

Mke wa huyo mwana alikuwa mkunga katika kituo cha afya. Huko kazini alisifika kwa mdomo wake mtamu. Ilisemwa kwamba mwanamke mwenye uchungu angeweza kucheka katikati ya uchungu kwa sababu ya maneno ya mkunga yule. Lakini mbele ya baba mkwe, ulimi wake ulikunjwa vizuri ukawekwa kabatini. Mzee akinyanyuka na sahani yake, sahani ilishapokewa. Akikohoa, maji yalishafika. Akiingia sebuleni, mkwe alinyanyuka, na mwana akatafuta rimoti ili amwekee baba taarifa ya habari, maana kuna mtu aliwahi kuamua kwamba wazee wanapenda taarifa ya habari. Mzee hakuipenda hata kidogo. Ilimtia huzuni asiyokuwa na pa kuiweka. Lakini aliitazama mpaka mwisho ili asiwavunje moyo, nao waliitazama mpaka mwisho ili wasimvunjie heshima, na hivyo kila jioni watu watatu waliketi wakiomboleza mambo ambayo hakuna kati yao aliyeomba kuyajua.

Walimshika kama yai. Na yai likishikwa namna ile, halina la kufanya ila kukaa kimya lisivunjike.

Nisimpe Mzee haki yote, hata yeye alichangia. Asubuhi moja mkwe alipita mbele yake akienda kazini, sare imenyooshwa haraka haraka, na kwenye mkono wa shati kulikuwa na mistari miwili inayokwenda sambamba. Madobi huita hiyo reli, na dobi anayeacha reli kwenye nguo ya mtu huwa hana usingizi. Ulimi ulimwasha Mzee. Aliuma mdomo wa chini, akavuta pumzi, akasema, "Umependeza, mama."

"Asante, Baba."

Wakaachana hapo, kila mmoja na adabu yake.

Kitu kilichomuumiza hasa kilitoka sebuleni. Mwana na mkewe walikuwa na gemu ya mpira, mashine ndogo nyeusi iliyochomekwa kwenye luninga, na walipotoka kazini walipenda kushindana penalti. Hawakucheza mechi nzima, penalti tu, huyu apige huyu adake, kisha wabadilishane. Mzee akiwa amejinyoosha chumbani kwake aliwasikia kupitia ukuta.

"Fundi umeme gani wewe, unapiga mpira kama umeguswa na waya?"

"Subiri nipange mguu."

"Panga. Panga na kabati kabisa. Kipa wangu kakaa anakula karanga huku."

Halafu kishindo cha mashabiki wa kwenye luninga, na kicheko cha yule mwanamke, kicheko kipana ambacho Mzee hakuwahi kukisikia akiwa mbele yake. Mara ya kwanza alijizoazoa akatoka ili naye acheke. Alipofika tu mlangoni, kicheko kikakatika. Gemu ikazimwa. Mkwe akanyanyuka. Taarifa ya habari ikaanza.

Hakuwalaumu. Ila usiku ule ule alikata kauli, na kesho yake akampigia simu dada yake mkubwa, mjane mwenye mdomo kama wembe, aliyeishi peke yake mji wa mbali.

"Wewe miguu magogo," dada alimpokea, "leo umekumbuka kwamba una ndugu?"

Mzee alifumba macho kwa raha. "Nataka kuja kukaa kwako."

"Kwani kwa mwanao wamekufukuza?"

"Hawajanifukuza. Hawawezi hata kuniambia nihamishe kiatu."

"Njoo basi. Hapa kiatu chako nitakirusha nje."

Akawaambia wenyeji wake kwamba Jumatatu ataondoka. Mwana alikaa chini, akauliza walichokosea. Mzee akasema hawajakosea chochote, na kwa bahati mbaya hilo ndilo lilikuwa jibu kamili, lakini lilisikika kama adabu nyingine tu. Kwa hiyo wakazidisha. Wakamletea mto wa pili.

Jumapili, siku moja kabla ya safari, begi la Mzee lilikuwa limeshafungwa na kusimamishwa karibu na mlango wa chumba chake. Mchana, baada ya chakula, mwana aliona ukimya umezidi, akaitoa mashine yake chini ya meza, akaichomeka. "Baba, hebu jaribu hii. Penalti tu, haina kukimbia."

Akamkalisha kwenye kochi refu, akampa kile kidude cha kuchezea wanachokiita padi, akamwelekeza. Kidole gumba cha kushoto kinaelekeza mpira uende kona ipi. Cha kulia kinabonyeza kitufe, na kadiri unavyokishikilia ndivyo nguvu inavyoongezeka, kile kimstari chekundu kinajaa. Ukiwa kipa, unaelekeza tu upande wa kuruka. Mwenzako haoni ulikoelekeza.

Mzee alielekeza kona, akabonyeza kitufe. Mkono wake ulikuwa umefanya jambo moja tu maisha yote. Dobi hagusi nguo akaondoka, anakandamiza, anasubiri joto lipenye, ndipo anainua. Akakandamiza. Kimstari kikajaa mpaka kikafurika, na mpira ukapaa juu ya mtambaa panya, ukapita mashabiki, ukaelekea pasipojulikana.

"Baba, huo mpira si suruali," mwana alisema, akicheka, kisha akajishika mdomo.

Wa pili ulipaa. Wa tatu ukapaa. Mzee alikuwa anaanza kufurahi kwa kweli wakati simu ya mwana ilipolia. Jirani wa nyumba ya tatu, soketi imetoa moshi. Mwana akachukua mkoba wake wa vifaa, akampa mkewe padi nyingine. "Mmalizie Baba. Nakuja sasa hivi."

Mkwe aliketi ncha kabisa ya kochi, magoti pamoja, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari.

"Anza wewe, Baba."

"Aa, anza wewe, mama."

Baada ya kusukumana hivyo, mkwe akaanza. Akalipanga shuti lake vizuri sana, akapiga nje. Mzee alisema bahati mbaya. Zamu yake ilipofika aliwaza kwamba si vizuri kumfunga mwanamke aliyempikia mchana wa leo, akakandamiza kitufe kwa makusudi. Mpira ukapaa. Mkwe akasema pole, Baba. Kipa wake hakuwa ametikisika. Akapiga tena nje, safari hii upande mwingine ili isionekane ni mazoea. Mzee akapaisha.

Walikuwa kama watu wawili waliokutana mlangoni, tangulia wewe, hapana tangulia wewe, mpaka mvua ikawanyeshea wote. Penalti za kawaida zikaisha bila goli. Ikaja ya mmoja akifunga mwenzake akikosa imekwisha, na hapo ndipo mambo yakawa mabaya zaidi, maana hakuna aliyekuwa tayari kuwa huyo mmoja. Mtangazaji wa kwenye gemu aliishiwa maneno, akaanza kurudia yaleyale. Wachezaji wote wa timu walipiga wakakosa, ikabidi makipa wenyewe waje kupiga, nao wakakosa.

Mwana alirudi, mikono ina masizi. Akaweka mkoba chini. Akatazama luninga, akatazama vizuri tena.

"Bado?"

"Tunaendelea," alisema mkewe kwa sauti ndogo.

"Sifuri kwa sifuri?"

"Baba anacheza vizuri sana."

"Mama ndiye anayecheza vizuri," alisema Mzee.

Mwana aliegemea ukuta. "Nyie mnapiga penalti au mnapeana rambirambi? Baba, huyu mtu hajakosa penalti tangu nimemuoa. Ananifunga mimi mpaka naona aibu kulala naye chumba kimoja."

Mkwe aliinamisha kichwa. Mzee aliiweka padi juu ya paja, akaitazama mikono yake. Alikuwa ameshajiambia kwamba ataondoka bila kusema neno, aache nyuma yake jina zuri. Lakini penalti zile zote zilizokwenda nje zilikuwa zimemkaa rohoni.

"Mkwe wangu," alisema, "anayeachiwa ni mgeni. Mimi nimekaa hapa miezi yote hii naachiwa. Naachiwa kiti, naachiwa rimoti, sasa naachiwa na penalti. Kwa dada yangu nitatukanwa kuanzia asubuhi. Ndiko ninakokwenda, si kwamba mmenitenda vibaya."

Nje mtu alipita na toroli, magurudumu yake yakilia. Kisha mkwe akasema, bado ameinamisha kichwa, "Baba, mimi nakuogopa."

"Mimi? Mimi mwenye miguu hii?"

"Kila nikipita na sare yangu unanitazama mkono. Huniambii kitu. Unasema nimependeza, na mimi najua umeona kitu. Nafika kazini najigeuza kwenye kioo, sioni. Nikasema huyu baba ananihesabia makosa moyoni."

Ulimi ulimwasha Mzee tena, na safari hii hakuuma mdomo. "Ni reli," alisema.

"Reli?"

"Mistari miwili, mama. Mkono wa kushoto. Treni inaweza kupita na mabehewa yake yote. Nimekuwa nikiumwa na tumbo kila ukiondoka."

Mkwe aliinua uso. Akamtazama mumewe. "Na wewe umeona?"

"Mimi nilidhani ndiyo fasheni," mwana alisema.

Hapo mkwe alicheka. Kile kicheko cha ukutani kilitoka chote, kikajaa sebule, na Mzee akakipokea kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Alipomaliza kucheka, mkwe alisogea kutoka ncha ya kochi akaja katikati, akaishika padi namna nyingine, vidole vimelegea, macho yamekaza.

"Basi tuweke hivi, Baba. Penalti moja. Unapiga wewe, nadaka mimi. Nikidaka, unafungua lile begi. Ukifunga, nenda kwa shangazi, mimi sitakuzuia. Ila usinipaishie. Ukipaisha nitajua."

Mzee alikubali kabla hajafikiri, na alipofikiri akaona amejiingiza mahali pagumu. Alitaka kubaki. Alilijua hilo sasa, tangu kile kicheko. Njia ya kubaki ilikuwa nyepesi, akandamize tu kitufe, au ampigie kipa mikononi. Lakini akifanya hivyo, atakuwa amebaki kwa kuachiana, na kesho asubuhi mto wa tatu utakuja. Kama ni kubaki, abaki kwa kudakwa kweli. Na ili adakwe kweli, sharti apige penalti ya kufunga.

Mwamuzi wa kwenye luninga akapuliza filimbi. Mzee akaelekeza chini, kona ya kushoto. Safari hii hakukandamiza. Kuna namna dobi anavyoonja joto la pasi, analowesha ncha ya kidole kwa mate, anagusa chuma na kuondoa kabla chuma hakijajua. Alikigusa kitufe vile. Kimstari kilijaa nusu. Mpira ukaambaa na nyasi, kipa wa mkwe akarukia kulia kwa nguvu zake zote, akapelekwa sokoni kabisa, na nyavu za kushoto zikatikisika.

Mashabiki walipiga kelele wenyewe kwenye luninga. Mzee alitazama lile goli likirudiwa polepole, mara ya kwanza maishani mwake amefunga penalti, na hakukumbuka kama amewahi kupata kitu kizuri kikamuuma namna ile.

"Vizuri, Baba," mwana alisema taratibu. "Goli safi."

"Safi gani?"

Ni mkwe aliyesema. Alikuwa amesimama, padi mkononi, mkono mwingine kiunoni.

"Hilo goli silikubali. Baba amechungulia kidole changu."

Mzee aligeuka. "Nimechungulia nini?"

"Kidole. Umeona naelekea kulia ukapiga kushoto."

"Kipa wako aliondoka hata sijavuta pumzi. Alikuwa na safari zake."

"Umechungulia. Muulize mwanao."

"Mimi nimeona goli—" mwana alianza.

"Wewe nyamaza, huyu ni baba yako, huwezi kuwa refa." Akamrudia Mzee. "Na tena hukuwa umekaa sawa. Penalti inapigwa mtu amekaa sawa."

"Imeandikwa wapi?" Mzee aliuliza. Mgongo wake ulikuwa umenyooka, hakujua tangu saa ngapi. "Refa amekubali, mashabiki wamekubali, kipa mwenyewe kalala pale kakubali. Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye niliyefungwa. Goli halihesabiwi mpaka kipa aridhike."

"Tangu lini kipa akaridhika na goli?"

"Ndiyo nakwambia sasa, Baba. Tutapiga mpaka niridhike."

"Hiyo itachukua muda."

"Kwani una haraka ya kwenda wapi?"

Mzee alitupa jicho kwenye begi lake kule mlangoni, akaliacha lilipo. Akaiokota padi. Mkwe akaketi kwa kishindo katikati ya kochi, akaukunja mguu mmoja chini yake, akabonyeza pa kuanzia upya.

"Sogea huko, Baba, kiwiko chako kinanibana."

Mzee Mstari akasogea.